Breka Inapojizima: Uchambuzi wa Usalama wa Umeme katika Nyumba za Gatuanyaga

Chanzo cha mkanganyiko

Katika wadi ya Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika kando ya barabara ya Garissa, mashamba mengi yamekatwa kuwa ploti, na juu ya ploti hizo nyumba za kupanga zimeota kwa kasi ambayo mipango ya umeme haikuweza kuandamana nayo. Malalamiko yanayosikika humo yanafanana na yale ya Makongeni, Ruiru na Githurai: breka inajizima kila jioni, inarudishwa, inajizima tena, na kila anayeulizwa ana jibu lake. Mpangaji husema stima ya kampuni ya Kenya Power ni mbovu. Mwenye nyumba husema wapangaji wanatumia vyombo vikubwa kupita kiasi, fundi aliyeitwa naye husema breka imechoka au ni ndogo mno, na kwa kawaida neno la fundi ndilo hufuatwa, kwa sababu ndiye mwenye bisibisi mkononi.

Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba suluhisho linalotokana na kipande kimoja linaweza kuigeuza kero kuwa hatari, na ndiyo maana suala hili linastahili kuangaliwa kwa ukamilifu wake, kuanzia kazi ambayo breka iliundiwa, hadi udongo ambamo fimbo ya shaba ya waya wa ardhi imechimbiwa nje ya ukuta.

Kazi ya breka na mipaka yake

Breka ndogo ya nyumbani, ya umbo linalotumika leo, hutokana na kazi ya Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, ambaye mwaka 1924 alikuja na kifaa cha kuchukua nafasi ya fyuzi, yaani kile kipande cha waya kinachoyeyuka mkondo wa umeme unapozidi. Ndani ya breka mna walinzi wawili. Wa kwanza ni ukanda wa metali mbili zilizobanwa pamoja, ambao hupinda polepole unapopashwa moto na mkondo uliozidi kiasi, na ukishapinda vya kutosha hukata umeme. Wa pili ni koili ya sumaku, ambayo hukata mara moja mkondo unaporuka ghafla kwa wingi, kama inavyotokea waya wa moto unapogusana na waya wa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme.

Kwa sababu ya ukanda huo unaopinda polepole, breka iliyoandikwa ampea 20 haikati pindi mkondo unapofika ampea 20. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, breka ya aina hii inatakiwa kuhimili mara 1.13 ya kiwango chake kwa saa nzima bila kukata, na kukata ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45, ambazo kwa breka ya ampea 20 ni ampea 29. Kwa hiyo breka inayojizima dakika ishirini baada ya jiko la umeme kuwashwa haijaharibika hata kidogo, kwani inafanya hesabu yake ya joto kama ilivyotengenezwa kuifanya.

Hesabu hiyo inahusu waya. Breka huchaguliwa ili ikate umeme kabla ganda la plastiki la waya uliozikwa ukutani halijalainika na kuungua, na haikuundwa kumwokoa mtu aliyeshika chombo chenye hitilafu. Tofauti hii haijulikani na wengi, nayo ndiyo kiini cha uchambuzi huu.

Hoja ya kwanza: kuweka breka kubwa zaidi

Suluhisho linalopendwa kuliko yote ni kung'oa breka ya ampea 20 na kuweka ya ampea 32. Lina mvuto wake: ni la dakika chache, ni la bei nafuu, na malalamiko hukoma siku hiyo hiyo. Wanaolitetea huweza hata kuonyesha nyumba zenye soketi za waya wa milimita 2.5 za mraba zinazolindwa na breka ya ampea 32 bila tatizo lolote, na wanachokionyesha ni kweli.

Kinachosahaulika ni kwamba nyumba hizo zimefungwa kwa mtindo wa pete, ambao Kenya iliurithi kutoka Uingereza pamoja na plagi za pini tatu zenye fyuzi ndani. Katika mtindo huo waya hutoka kwenye sanduku la breka, huzunguka soketi zote, kisha hurudi sandukuni, hivyo kila soketi hulishwa kutoka pande mbili na mzigo hugawanyika. Vyumba vingi vya kupanga havikufungwa hivyo. Waya hutoka sandukuni, hufika soketi ya mwisho na kuishia hapo, na kwa mpangilio huo waya wa milimita 2.5 uliopitishwa ndani ya paipu ukutani huweza kubeba takriban ampea 20 hadi 24 tu kwa usalama, kutegemea joto la mahali na idadi ya nyaya zilizosongamana ndani ya paipu hiyo.

Joto linalozalishwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukipanda kutoka ampea 20 hadi 32, joto halipandi kwa zaidi kidogo ya nusu, kama mtu angedhania, bali hufika zaidi ya mara mbili na nusu ya lilivyokuwa. Breka mpya ya ampea 32 itaruhusu hata ampea 40 na ushei zipite kwa muda mrefu bila kukata, na wakati wote huo waya ulio nyuma ya plasta unapikika. Kimya kinachofuata baada ya badiliko hili huonekana kama ushahidi kwamba tatizo limetibiwa, ilhali kilichoondolewa ni kifaa kilichokuwa kikilitangaza. Ikumbukwe pia kwamba hata pete halali inaweza kukatika upande mmoja bila mtu kujua, kwa kuwa soketi zote zitaendelea kufanya kazi huku upande uliobaki ukibeba mzigo wote.

Kuna hali moja ambayo fundi huwa na haki ya kubadilisha breka. Mota, kama ile ya pampu ya kuvuta maji kisimani au kuyapandisha kwenye tangi, huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa ya wa kawaida inapoanza kuzunguka, na breka ya aina ya B, ambayo sumaku yake hukata kati ya mara tatu na tano ya kiwango chake, inaweza kujizima bila kosa lolote kuwapo. Hapo dawa ni breka ya aina ya C, inayovumilia hadi kati ya mara tano na kumi, lakini ya ampea zile zile. Anayebadilisha aina amesikiliza mota inahitaji nini. Anayeongeza ampea bila kubadilisha waya ameuacha waya bila ulinzi.

Hoja ya pili: lawama kwa Kenya Power

Wapangaji wengi huamini kwamba chanzo kiko nje ya ukuta, kwenye nguzo. Imani hii haikuzuka hivi hivi. Eneo hili lina historia ndefu ya umeme, kwani kituo kidogo cha Ndula kwenye mto Thika, kilichokuwa na uwezo wa megawati 2, kilianza kazi miaka ya 1920, na kiwanda cha Thika Power cha megawati 87 kilianza kuzalisha katika miaka ya 2010. Hata hivyo, kuwa jirani ya mtambo hakumpi mtu stima thabiti, kwa sababu ubora wa umeme unaofika nyumbani hutegemea transfoma ya mtaa na urefu wa nyaya. Mradi wa kuunganisha nyumba kwa bei nafuu ulioanza mwaka 2015, ambao ulishusha ada kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, uliwaleta wateja wengi kwa muda mfupi. Kisha nyumba zikaendelea kuongezeka chini ya transfoma zile zile.

Je, volti mbaya inaweza kuzima breka? Jibu linategemea chombo. Volti ikishuka chini ya 240, vyombo vya kupasha joto kama birika, pasi na shawa huvuta mkondo mdogo zaidi, na kwa hiyo maji huchelewa kuchemka lakini breka haina sababu ya kukata. Mota za friji na pampu huenda kinyume, kwani zikikosa volti hupambana kuzunguka, huvuta mkondo mwingi na kupata moto, na hizo zinaweza kweli kuzima breka. Hatari kubwa zaidi kutoka nje ni nyutro ya laini ya fezi tatu inapokatika nguzoni, jambo linaloweza kufanya nyumba moja ipate volti chache na jirani yake apate volti zinazokaribia 415. Hapo taa huwaka kwa mwanga usio wa kawaida na televisheni huungua, na breka huenda isikate mpaka vyombo viwe vimekwisha kuharibika.

Ipo njia rahisi ya kupima lawama hii. Ikiwa nyumba tatu au nne jirani zinapata shida dakika ile ile, tatizo liko nje na linafaa kuripotiwa kwa kampuni kupitia nambari ya 97771. Ikiwa ni chumba kimoja tu, au ni wakati chombo fulani kinapowashwa, tatizo liko baada ya mita, na kisheria na kivitendo sehemu hiyo ni ya mwenye nyumba. Kwa malalamiko ya breka moja inayokata jioni baada ya jioni, lawama kwa kampuni huwa haina msingi mara nyingi.

Hoja ya tatu: mzigo uliozidi

Mwenye nyumba anayelaumu matumizi ya wapangaji anasimama juu ya hesabu iliyo sahihi. Birika la kilowati 2 huvuta ampea 8 na kitu, pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5, na jiko la sahani moja la kilowati 1.5 huvuta zaidi ya ampea 6. Vikikutana kwenye ekstensheni moja jioni, tayari vimekaribia ampea 20 kabla ya kitu kingine kuongezwa, wakati plagi ya ekstensheni yenyewe ina fyuzi ya ampea 13, ambayo katika nyumba nyingi imeshaungua na kubadilishwa kwa kipande cha waya.

Lakini udhaifu wa hoja yake uko kwenye historia ya jengo. Ploti iliyoombewa umeme ikiwa na vyumba vinne huongezwa vinne vingine, kisha ghorofa, na kila nyongeza huunganishwa kwenye sanduku lile lile nyuma ya mita ile ile, huku mita ndogo za kugawana gharama zikifungwa ukutani. Kenya Power hudai cheti cha kukamilika kwa kazi kutoka kwa fundi mwenye leseni kabla ya kufunga mita, ila cheti hicho huelezea nyumba kama ilivyokuwa siku ile. Mpangaji anayechemsha chai katika chumba ambacho hakikuwapo siku ya ukaguzi halaumiki kwa kuchemsha chai. Mzigo umezidi, ndiyo, lakini aliyeuzidisha ni yule aliyeongeza vyumba bila kuongeza nyaya.

Yanayofichwa na mjadala wa ampea

Hoja hizo tatu zina kasoro moja ya pamoja, kwani zote zinazungumzia mkondo mwingi. Umeme unaoua mtu bafuni ni mdogo sana. Mkondo wa takriban miliampea 30, yaani sehemu thelathini kati ya elfu moja za ampea, ukipita kifuani kwa muda unatosha kuanza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwili wenye ngozi iliyolowa una ukinzani wa takriban omu 1,000, na omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita. Kwa volti 240, mwili huo ungepitisha miliampea 240. Kwa breka ya ampea 20, huo ni mzigo mdogo kama wa balbu, na haiwezi kuutambua.

Watu hujibu kwamba ndiyo sababu kuna waya wa ardhi, na jibu hilo linahitaji kukaguliwa hapa hapa Gatuanyaga. Waya wa ardhi hufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba, ili chombo kikiwa na hitilafu umeme ukimbilie ardhini badala ya kupitia mwilini. Unavyokimbia hutegemea udongo. Upande huu wa mashariki ya Thika ni mkavu kuliko nyanda za Gatundu, na palipo na mwamba karibu na uso wa ardhi, au udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuachana na fimbo, ukinzani hupanda. Tuseme umefika omu 100, kiwango ambacho si cha ajabu kwa fimbo moja fupi kwenye udongo mkavu. Volti 240 zikigawanywa kwa omu 100 hutoa ampea 2.4. Breka ya ampea 20 haitakata kamwe kwa mkondo huo, na mwili wa chombo utabaki na volti karibu zote, kwa siku au kwa wiki, ukimngoja mtu auguse.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kero nyingine ambayo wengi hawaihusishi na usalama. Ampea 2.4 kwa volti 240 ni takriban wati 576 zinazomwagwa ardhini mchana na usiku, ambazo kwa siku moja hukaribia uniti 14. Mpangaji anayelalamika kwamba tokeni zinaisha kabla hajatumia chochote anaweza kuwa anatoa taarifa ya hitilafu ya hatari, na inafaa asikilizwe hivyo kabla ya kuambiwa kwamba mita ni mbovu.

Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo ndiyo mahali ambapo mambo haya yote hukutana. Ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 23 na inahitaji waya wake peke yake kutoka sandukuni, wa milimita 4 au 6, pamoja na breka yake. Katika aina zinazouzwa sana, waya wa kupasha joto umezama ndani ya maji yenyewe, na ndiyo maana maduka ya Thika huuliza kama maji ni ya mfereji au ya kisima chenye chumvi: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na shawa isiyotengenezwa kwa maji hayo huvujisha umeme unaomfikia aogaye. Mtu anayehisi mtekenyo kwenye mfereji wa bafuni hapaswi kuambiwa avae ndara. Shawa hiyo izimwe kwenye breka yake na isitumike tena hadi ipimwe.

Hoja ya nne: kifaa cha RCD

Kundi la nne, dogo lakini lenye hoja nzito, linasema nyumba zifungwe kifaa cha RCD. Kifaa hiki hakijali ukubwa wa mkondo. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaopita mahali pasipofaa, labda mwilini mwa mtu, nacho hutakiwa kukata ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Afrika ina mchango wake katika historia hii, kwa kuwa katika miaka ya 1950 Henri Rubin alibuni kifaa cha namna hii kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, nchi ambayo baadaye ilivifanya vifaa hivyo kuwa vya lazima majumbani. Nchini Marekani Charles Dalziel alibuni chake mwaka 1961.

Uzito wa hoja hii kwa Gatuanyaga ni kwamba RCD hufanya kazi hata pale fimbo ya ardhi ni dhaifu. Omu 100 zinazoishinda breka si kitu kwake, kwani ampea 2.4 ni mara themanini ya kiasi kinachohitajika ili kikate.

Udhaifu wake nao uelezwe. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya breka ya kawaida. Kikifungwa kimoja kwa ploti nzima, pasi mbovu ya chumba kimoja huwatia wote gizani, na matokeo yake hutabirika: mtu hukiruka kwa waya ili stima irudi. Hakifanyi kazi vizuri katika nyumba ambayo nyutro za vyumba tofauti zimechanganywa, na katika nyongeza nyingi zimechanganywa, hivyo kukifunga mara nyingi hufichua makosa ambayo lazima yarekebishwe kwanza kwa gharama. Hakimlindi mtu aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, na hakichukui nafasi ya breka. Tena kinaweza kukwama, na kwa hiyo kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila baada ya miezi michache.

Bidhaa bandia na mafundi

Hoja zote nne hudhani kwamba kilichoandikwa kwenye kifaa ni kweli. Soko lina breka zenye majina makubwa ambazo ndani yake hazina koili inayostahili, na nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu zinazouzwa kama shaba tupu. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na duka linalotoa risiti husaidia, japo alama nayo huigwa. Ubaya wa breka bandia ni kwamba mara nyingi haijizimi, na kwa kuwa watu hulalamikia inayojizima tu, ile ya bandia husifiwa.

Kwa upande wa mafundi, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya EPRA, ambayo hutoa leseni kwa madaraja, likiwemo la C-2 kwa kazi ndogo za umeme wa fezi moja. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Fundi asiye nayo huenda ana mikono hodari, lakini ni nadra awe na kipimo cha ukinzani wa ardhi, na bila kipimo hicho hakuna anayejua fimbo iliyo nje ya ukuta ni omu 10 au 300.

Kupima hoja

Hatua ya kwanza haina gharama, nayo ni kusoma jinsi breka inavyokata. Inayokata papo hapo kila inaporudishwa ina waya zilizogusana au chombo kilichoungua, na haifai kulazimishwa. Inayokata baada ya dakika kadhaa ina mzigo uliozidi, au skrubu iliyolegea inayoipasha moto, na dalili ya skrubu hiyo ni harufu ya plastiki au rangi ya kahawia kuzunguka breka. RCD inayokata mvua inaponyesha inaonyesha unyevu umeingia kwenye soketi au taa ya nje. Chombo chenye kosa hupatikana kwa kuchomoa vyote, kurudisha breka, kisha kuvichomeka kimoja kimoja. Zaidi ya hapo, kufungua kifuniko cha sanduku ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Kuhusu hoja zenyewe, ya kuongeza ampea bila kubadilisha waya inafaa kukataliwa kabisa, kwa kuwa inanunua utulivu wa jioni kwa hatari ya moto. Lawama kwa kampuni ina haki pale tu mtaa mzima unapoathirika. Hoja ya mzigo ni sahihi, na dawa yake ni nyaya mpya, si onyo linalobandikwa mlangoni. RCD ndiyo pekee inayojibu swali la uhai. Kwa mwenye ploti ambaye hana fedha za kufanya yote kwa pamoja, mpangilio ulio wa busara ni kuanza na RCD kwenye waya za shawa, kisha za soketi, kila chumba na chake inapowezekana, halafu fimbo ya ardhi ipimwe mwisho wa kiangazi, udongo unapokuwa katika hali yake mbaya zaidi. Taa zinaweza kungoja.

Kwa upande wa kanuni, cheti cha siku ya kwanza hakitoshi kwa majengo yanayokua. Kaunti ya Kiambu na EPRA zingefaa kudai upimaji mpya kila mara vyumba vinapoongezwa nyuma ya mita ile ile, na kufanya RCD kuwa sharti kwa kila nyumba ya kupanga yenye shawa ya umeme. Hadi hapo, mpangaji anayekwenda kuangalia chumba na akaona shawa ukutani ana sababu ya kuomba sanduku la breka lifunguliwe mlango, atafute kifaa chenye kitufe cha majaribio, na kama hakipo, aulize lini kitawekwa kabla ya kulipa amana.